Heri Anayeidai Serikali

Siku ya soko pale Mpondwe, mama anayevuka mto Lhubiriha kutoka Kasindi na mzigo wake wa vitenge huijua kodi yake kwa sura. Hutajiwa kiasi, hushtuka, huuliza tena, hufungua fundo la leso, huhesabu noti, hupokea risiti, na jioni akifika Bwera huisimulia nyumba nzima. Mwalimu anayeishi jirani yake hana simulizi hiyo. Kodi yake hukatwa kabla hajaushika mshahara, na kinachomfikia ni mstari mmoja mdogo kwenye hati ya malipo, umeandikwa PAYE. Amelipa miaka nenda miaka rudi, lakini hajawahi kuonana na anachokilipa.

Ndiyo maana naisifu kazi ya kudai kodi iliyokatwa kupita kiasi, ile kazi inayosemwa vibaya katika kila ofisi kuanzia Kasese hadi mpakani. Naisifu hadharani. Sijui njia nyingine halali ambayo kwayo mtu wa mshahara anaweza kuwa mwia wa serikali, akaamka asubuhi, akanywa chai yake, na kujisemea kimoyomoyo kwamba Kampala wana deni lake.

Sifa za kwanza zimwendee aliyebuni jedwali la makato. Uganda hukata kodi ya mshahara mwezi kwa mwezi, kila mwezi ukihesabiwa peke yake kama yatima. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2012, shilingi 235,000 za mwanzo haziguswi. Laki moja inayofuata hukatwa asilimia 10, kisha 75,000 zinazofuata asilimia 20, na kinachozidi 410,000 hukatwa asilimia 30. (Wanaopata zaidi ya milioni 10 wana nyongeza yao, tuwaache waendelee kuteseka.) Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1997 hutazama mwaka mzima, kuanzia Julai mosi hadi Juni 30, na kwa mwaka mzima kiasi kisichotozwa ni shilingi 2,820,000.

Sasa mchukue muuguzi aliyepata mkataba wa miezi minne katika mradi wa afya Bwera. Mikataba ya aina hiyo haikukosekana mwaka 2018 na 2019, Ebola ilipokuwa ng'ambo, hadi Juni 2019 ilipovuka mpaka na wagonjwa wakafikishwa hospitali ya Bwera. Tuseme, baada ya Julai na Agosti bila kazi, analipwa 600,000 kwa mwezi, kuanzia Septemba hadi Desemba. Kila mwezi jedwali linamkata 82,000, jumla 328,000. Mradi unafungwa, magari yanarudi Kampala, yeye anarudi shambani kwa wazazi na hapati kazi nyingine hadi Juni. Mapato yake ya mwaka ni 2,400,000, chini ya kiwango kinachotozwa. Hakustahili kulipa hata senti moja. Kukosa kazi kwa miezi minane kumempa haki ya 328,000, na nani mwingine duniani amewahi kumlipa kwa kukosa kazi?

Waingereza wamenyimwa neema hii. Mfumo wao, ulioanza Aprili 1944 vita vikiwa bado vinawaka, hujumlisha mapato tangu mwanzo wa mwaka wa kodi, na mshahara ukipungua, kilichozidi hurudi chenyewe ndani ya mshahara wa mwezi unaofuata. Mara nyingi mtu anarudishiwa fedha zake bila kumwamkia karani yeyote! Ndugu zetu Wakenya wanayo ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, lakini kwao ni amri: Juni 30 ikipita hujawasilisha, unapigwa faini, hata kama mwaka mzima hukuingiza kitu. Huko ni kuburutwa. Mfanyakazi wa Uganda mwenye mwajiri mmoja na asiye na mapato mengine halazimishwi na sheria kuwasilisha ritani yoyote. Akienda, amekwenda kwa mapenzi yake, kama wanavyokwenda wapanda mlima pale Rwenzori, ambao nao hakuna aliyewatuma.

Na watu wa wilaya hii ya Kasese walistahili kuipata raha hii mapema. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 ulileta kodi ya nyumba, na Wakonzo wakajikuta wanatozwa kwa mkono wa machifu wa ufalme ambao hawakuuchagua. Waliokataa wakaongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, na mwaka 1921 wote watatu wakanyongwa. Hapo sina mzaha. Baadaye wakaja watu wa Rwenzururu, waliojitangazia uhuru wao kutoka Toro, wakakusanya kodi yao wenyewe huko milimani. Siku waliyoitangaza ilikuwa Juni 30, 1962, na mwaka wa kodi wa Uganda hufungwa Juni 30. Sidai kwamba kuna siri hapo, lakini mtu anayejaza fomu usiku wa tarehe hiyo anaruhusiwa kujiona shujaa kidogo. Tena kulikuwa na ile kodi ya kichwa ya madaraja, ambayo wazee bado wanaisimulia kwa kicheko na kwa uchungu: wanaume walilala migombani ili alfajiri wasikutwe nyumbani bila tiketi. Ilifutwa mwaka 2005. Kwa zaidi ya miaka mia moja, basi, swali lilikuwa likishuka kutoka juu kwenda chini: umelipa? Anayedai marejesho analigeuza swali hilo na kulipandisha mlimani.

Tena kulipandisha kunamfunza mtu mambo ambayo shule ilimficha. Atajifunza kwamba mwajiri, akipeleka kodi, hupeleka na orodha ya majina, kila jina na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, na kwamba TIN ikikosewa tarakimu moja fedha zake hufika salama zikiwa za mtu asiyekuwepo. Atajifunza kuzitafuta hati za malipo za miaka iliyopita, nyingine zimefungiwa karanga. Atampigia simu mhasibu wa mradi uliokwisha, na sauti laini itamjibu: "Dada yangu, yule alishaacha kazi, na faili alizifunga yeye." Akibahatika atagundua kwamba mwajiri alikata lakini hakupeleka. Hapo mtu anamfahamu bosi wake kwa undani ambao sherehe zote za mwisho wa mwaka, na soda zake, hazikuwahi kumpa.

Wakongwe wa shughuli hii hukumbuka enzi za fomu ya Excel. Ulikuwa unaipakua, unaijaza, unaiamuru ijikague, nayo kwenye kompyuta ya kibanda cha intaneti ilikuwa inakataa kujikagua, inakuonya kuhusu virusi, kisha umeme unakatika. Waliopita hapo na bado wana heshima zao ndio ninaowaamini na fedha za kikundi. Siku hizi fomu hujazwa moja kwa moja mtandaoni, na nasikitika kwamba vijana wanalelewa hivyo.

Ikibidi kwenda ofisini, safari yenyewe ni sehemu ya malipo. Kutoka Bwera unapita Kikorongo, karibu na ikweta, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, na watalii hulipa dola nyingi kwa barabara ileile unayoipita wewe kwa nauli ya teksi. Tembo wakiamua kuvuka, gari linasimama, nawe unapata muda wa kuhakikisha kwamba nakala ya kitambulisho umeisahau nyumbani. Hakuna haraka. Sheria imempa mdai miaka mitano ya kupeleka ombi lake.

Wenye husuda watauliza: na fedha zenyewe? Fedha ni jambo dogo, lakini tulimalize. Kabla ya kulipa, Kamishna wa kodi hutazama kwanza kama kuna kodi nyingine unayodaiwa, na ikiwepo, kilichozidi hulipia hiyo. Ukiwa umejenga vyumba viwili vya kupangisha na hukuvitaja, utakuwa umepanda teksi kwenda kujishtaki. Ukiwa msafi, ombi hukaguliwa, maswali huulizwa, kisha 328,000 huingia kwenye akaunti ya benki kimya kimya, bila bendi wala hotuba. Shemeji mwenye ada ya shule huwa amesikia kabla yako.

Kwa hiyo nina ombi kwa waheshimiwa wabunge wa Kasese, wale wanaotuahidi mambo kila baada ya miaka mitano. Wasithubutu kutuletea hesabu ya Waingereza. Kile kiwango cha 235,000 kiliwekwa mwaka 2012, na miaka zaidi ya kumi baadaye kilikuwa bado palepale. Barafu ya Rwenzori imepungua mbele ya macho yetu, chenyewe hakikuyumba hata shilingi moja. Tumeshakizoea, na bila kuzidishiwa makato tungekuwa hatuna la kudai. Wakitaka kutufanyia hisani, wapitishe sheria ya kuongeza ukurasa mmoja tu kwenye fomu, ambamo muuguzi wa Bwera ataeleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini alikaa miezi minane bila kazi, kisha uwekwe mhuri wa mwenyekiti wa kijiji na saini za mashahidi wawili walioajiriwa.