Nani Aanze?

Ukitaka kujua nani anajiona nani kwetu Gitaza, kando ya ziwa Tanganyika, usiulize umri wala mali. Tangaza tu kwamba unaanzisha podikasti, mtaje mgeni wa kipindi cha kwanza, kisha ukae pembeni uangalie.

Mimi na binamu yangu tulikuwa tumejiandaa kwa shida za vyombo. Kipaza sauti tulikinunua kwa mpiga picha za harusi wa Bujumbura aliyekuwa anabadilisha biashara. Studio ikawa kabati la nguo la shangazi, kwa sababu vitenge na makoti ya mitumba humeza mwangwi vizuri. Nia ilikuwa njema: mazungumzo ya Kiswahili kutoka mwambao wetu, yamfikie mtu wa Rumonge na wa Buyenzi, yavuke hadi Uvira, Baraka na Kigoma, maana ziwa ni moja na umbeya wake ni mmoja. Tukaandika mada nne daftarini, kila moja na mgeni wake: uvuvi wa ndagala, jiwe la Mugere, barabara, na mawese ya Rumonge. Binamu, mtu wa mpangilio, akaweka namba pembeni: moja, mbili, tatu, nne. Basi, hapo ndipo amani ilipoishia.

Gitaza imebanwa. Huku mlima, huku Tanganyika, na katikati inapita barabara ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Mahali pa namna hiyo habari haina uchochoro wa kupotelea; ikitoka mlangoni inaingia barabarani, na ikiingia barabarani imeshapanda gari. Daftari liliandikwa asubuhi. Jioni kila mgeni alikuwa anaijua namba yake, na za wenzake pia.

Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Mzee, mvuvi wa ndagala tangu enzi za karabai, kabla ya taa za sola kuingia ziwani.

"Mwanangu, nasikia nimewekwa wa pili."

"Hapana, Mzee. Wewe ndiye unayefungua. Mwalimu ni wa pili."

"Basi kamwambie Mwalimu, maana anasema vingine."

Mwalimu, mstaafu wa somo la historia, alikuwa na hoja yake. Mambo hupangwa kwa tarehe. Stanley na Livingstone walifika Mugere tarehe 25 Novemba 1871 wakalala hapo, na jiwe lipo hadi leo lenye majina yao. Kila mwongoza wageni akidai kwamba wazungu hao walikutania pale, Mwalimu hushikwa na kichwa: walikutana Ujiji, wakaja huku kwa mtumbwi kuchunguza kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Unaingia. "Sasa niambieni," akauliza, "katika mada zenu zote, ipi ina tarehe ya zamani kuliko hiyo?"

Binamu, badala ya kunyamaza, akafungua simu na kusoma kwamba wataalamu wanalikadiria ziwa lenyewe kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12.

"Umesikia?" akasema Mzee. "Na mimi ni wa ziwa."

Dereva wa Probox, ambaye tulimpa kipindi cha barabara, alikuwa amesimama mlangoni akisubiri abiria. Akaingilia kwamba hao wazungu wa Mwalimu walikuja kwa mtumbwi kwa sababu barabara haikuwapo; ingekuwapo, wangepanda kwake. Kwa hiyo yeye ndiye mwanzo wa maendeleo. Muuza mawese hakusema kitu. Alitukumbusha tu, kwa upole wa mtu anayedai, nani aliyetununulia bando la mwezi.

Kupanga vipindi vya kwanza vya podikasti, basi, ni sawa na kupanga meza kuu ya harusi: chakula ni kile kile kwa wote, lakini anayekaa kiti cha pili hakionji.

Tukasema tufuate ratiba, ratiba haina upendeleo. Kumbe inao. Ndagala huvutwa na mwanga wa taa usiku, na mwezi ukiwa mpevu taa inakosa kazi, samaki wanatawanyika. Giza likiwapo Mzee yuko ziwani usiku kucha na mchana amelala. Mwezi uking'aa yuko nchi kavu na hana neno. Kwa hiyo studio yetu ikaanza kupangiwa saa na mbingu. Mwalimu akafurahi: "Basi naanza mimi, mimi simtegemei mwezi." Kweli, lakini anaitegemea mvua. Anakaa upande wa Magara, na mvua ikizidi huku kwetu mlima hushuka wenyewe barabarani, mawe na udongo. Siku tuliyompangia, Mwalimu alikwama upande wa pili wa mawe, akatupigia simu na kutuomba tumrekodi hivyo hivyo kwa simu, akiwa wa kwanza. Dereva alikuwa kwenye foleni ya esansi. Muuza mawese alikuwa sokoni Rumonge. Umeme nao ulikuwa na ratiba yake, na hiyo hatukuonyeshwa.

Mwezi ulipopevuka tukamwingiza Mzee kabatini kwa majaribio. Mtu aliyezoea kuita mtumbwi wa pili gizani hana sauti ya chini. Nilimwomba aseme polepole. Akasema polepole, kwa nguvu ile ile. Kila alipomaliza sentensi alisimama na kuuliza, "Kongo wamesikia?" Nikamweleza kwamba bado haturushi, tunarekodi tu. Akanitazama kwa huruma, akarudia sentensi nzima kwa sauti zaidi ili tusipate hasara.

Sauti ilifutika kwenye kompyuta, lakini harufu haikufutika kabatini. Jumamosi shangazi alivaa kitenge chake cha heshima kwenda kwenye harusi Kabezi, na kila aliyemkumbatia akamuuliza kama ndagala zimeshuka bei. Kuanzia siku hiyo studio ikahamia nje, ufukweni, karibu na vichanja vya waya wanapoanikia samaki. Hapo Mzee alipendeza. Alikuwa anaeleza jinsi mitumbwi inavyofungwa pamoja kwa miti, wavu unavyoteremshwa chini ya taa na kuinuliwa kimyakimya, alipofika kwenye neno "kimyakimya" kuku wakapanda kichanjani na wanawake watatu wakapiga kelele kwa pamoja. Tuliiacha ilivyo. Kuikata ingebidi tukate na kimyakimya.

Kurekodi kulitushinda kidogo, lakini namba ilitushinda kabisa. Kipindi cha Mzee kilikuwa tayari, na Mwalimu aliapa kwamba kikitoka kama cha kwanza yeye hasikilizi, wala wanafunzi wake wa zamani hawatasikiliza, nao ni nusu ya tarafa. Shangazi, ambaye tulishaharibu kabati lake, akaita kikao chini ya mwembe, Fanta kwa wasiokunywa, Primus kwa wanaokunywa.

Binamu akajaribu kuwatuliza kwa mfano wa nyumbani. Studio Ijambo ilianzishwa Bujumbura mwaka 1995, na mwaka 1997 ikaanza mchezo wa redio wa Umubanyi Niwe Muryango, ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri, kuhusu majirani Wahutu na Watutsi, wakati vita bado vinawaka. Mamia ya vipindi, miaka na miaka, na wazee wote pale walikuwa wakiacha majembe kwenda kuusikiliza. "Sasa," akauliza binamu, "nani hapa anakumbuka aliyesema neno la kwanza katika kipindi cha kwanza?"

Hakuna aliyekumbuka. Wakakaa kimya, wakafikiri, halafu Mzee akasema, "Ndiyo maana safari hii tuchague mtu wa kukumbukwa."

Hapo Mwalimu akalipiza. Akaeleza kwa utulivu wa darasani kwamba Tanganyika, pamoja na mita zake 1,470 za kina, ni ziwa la pili duniani. La kwanza ni Baikal la Urusi. "Mzee, umelivua miaka yote hiyo. Umewahi kuliona limenuna?"

Mzee akageuka akalitazama ziwa kwa muda. Akakiri kwamba hapana, halijanuna. Kumbe na wa pili ni mtu. Shangazi akaidaka nafasi hiyo kabla haijapoa.

"Kama ugomvi ni cha kwanza, kiacheni. Anzeni na cha pili."

"Hesabu haziruhusu," akasema Mwalimu.

"Hesabu hazijanifulia kitenge," akasema shangazi.

Kikao kikaisha. Mzee akakubali kuwa wa pili kwa heshima ya ziwa; Mwalimu akakubali kuwa wa tatu kwa kuwa, bila wa kwanza, hakuna aliyemshinda sana. Dereva na muuza mawese wakagawana namba zilizobaki kwa kurusha sarafu. Tukakitoa kipindi cha pili. Kijana wa kibanda cha kuchaji simu akakitia kwenye memori kadi za wateja, wengine wakakipeleka kwa WhatsApp, na kweli Kongo wakasikia.

Meseji zikaja, zote na swali moja: cha kwanza kiko wapi? Tulijibu kwamba hakipo. Hakuna aliyetuamini. Sokoni Rumonge ikasemwa kwamba kilizuiwa. Buyenzi akapatikana mtu aliyekuwa nacho, ila alikifuta kupata nafasi ya picha za ubatizo. Dereva anasema kuna abiria alimpakia Kanyosha akasimuliwa kipindi chote, pamoja na mahali nilipocheka, na kwamba ni kizuri kuliko cha pili.

Tumewauliza wageni wetu wanne, mmoja mmoja, wasaidie kuuzima uvumi huo. Kila mmoja, tumegundua, akiulizwa na watu hujibu kwamba kipo, amekisikia, na aliyehojiwa ni yeye.