Sifa za Koboli, Lugha Isiyo na Haraka

Vijana wa stendi ya Kipsitet, huku kwetu Soin, wakisikia najifunza Koboli huniuliza kama ni dawa ya kunyunyizia miwa. Nawasamehe. Wamezoea lugha za kompyuta za siku hizi, unaandika mistari mitatu na kitu kinatembea. Lugha za namna hiyo hazina adabu. Koboli (COBOL) ilizaliwa Marekani mwaka 1959, miaka minne kabla ya uhuru wetu, na inadai heshima ya umri wake.

Tazama inavyoanza. Mzee wa Kikipsigis hatakutajia shida iliyomleta kabla hajasema yeye ni nani, ametoka wapi na ng'ombe wanaendeleaje. Koboli vilevile. Programu ina sehemu nne: utambulisho, mazingira, data, na mwisho kabisa utaratibu, ambapo kazi yenyewe hufanyika. Hata ukitaka kujumlisha mbili na mbili, jitambulishe kwanza. Mimi nilijitambulisha siku mbili nzima.

Na nidhamu yake! Kwa mpangilio wake wa kale, safu 6 za mwanzo za kila mstari ni za namba, ya 7 ni ya alama, vichwa huanzia ya 8, amri ya 12, na chochote kinachovuka ya 72 hutupwa kama majani yaliyokomaa penye mizani ya chai. Chanzo ni kadi za kutobolewa, zilizokuwa na safu 80. Zile namba za mwanzo zilikuwa za kuzipanga upya kadi zikimwagika sakafuni, na safu 8 za mwisho ziliachiwa alama za kuitambulisha programu. Sijawahi kuiona kadi hata moja, lakini sheria zake nazitii. Hiyo ndiyo mila.

Mwongozo wake ni mnene kuliko Biblia ya kanisani kwetu. Pale saiba walinichapia sura tatu, hela zikaisha. Kila neno limeelezwa kwa neno ambalo litaelezwa mbele, kwa hiyo utake usitake utatafuta watu. Mwalimu wangu ni mzee jirani, karani wa hesabu aliyestaafu, na karo yake ni mursik, maziwa yetu ya mgando. Siku kompaila, mfasiri wa programu zangu, iliponirushia makosa skrini nzima, aliinama bila miwani akasema, "Kijana, nukta." Nukta moja, mwisho wa sentensi. Lugha gani nyingine inakufundisha kuandika vizuri kwa viboko?

Wenye dharau wakumbuke Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alipojitokeza hadharani kuomba wanaojua Koboli wajitolee, maana mitambo ya malipo ya waliopoteza kazi ilikuwa imezidiwa. Hizo lugha zenu za stendi, gavana gani ameziombea msaada?

Tena ni hodari wa senti. Lugha nyingi zikiongeza 0.1 kwa 0.2 hukuletea 0.3 yenye mkia mrefu wa tarakimu zisizo na mwenyewe. Koboli huhesabu kikarani, desimali kwa desimali. Kwa mkulima anayengoja bonasi ya chai hilo si jambo dogo, ndiyo maana programu yangu ya kwanza, ya kuhesabu kilo za chai, nilimtungia Senge, shangazi yangu. Sisi huku Soin ni joto na miwa. Chai yake iko juu, kwenye baridi.

Kilo zake za mwezi zilikuwa 105. Mimi nilikuwa nimetenga nafasi ya tarakimu mbili tu, kwa ubahili uleule uliofanya miaka iandikwe kwa tarakimu mbili hadi dunia ikakosa usingizi ikingoja 2000. Koboli haikulalamika. Ikaandika 05.

Senge aliitazama skrini kwa muda.

"Na mia yangu?"

Nikamweleza kwamba nafasi ikiwa finyu, lugha hii hukata tarakimu za mbele kimyakimya.

"Aa," akasema, akifunga leso. "Kumbe aliyeitunga aliwahi kushika mizani ya chai."