Kwa Heshima ya Bwana Barafu

Kila mwenye nguvu duniani hupata wa kumsifu. Simba ana majigambo yake ingawa anatumalizia ng'ombe. Bahari ina tenzi ingawa imemeza majahazi yasiyohesabika. Hata mwenye nyumba husalimiwa kwa unyenyekevu siku ya kodi. Ila Bwana Barafu, aliyeitembelea Texas Februari 2021, hadi leo hana wa kumtetea. Akitajwa mezani, watu wa Houston husonya. Nimeona niibebe mimi kazi hiyo, maana sisi tuliolelewa pwani tumefunzwa kwamba mgeni hasemwi vibaya hata akivunja sahani. Huyu alivunja mabomba, lakini adabu ni ileile.

Tuanze na ukoo, kama ilivyo desturi. Kwao ni Ncha ya Kaskazini, na haji ovyo. Mapema Januari mwaka ule, hewa ya juu kabisa kule Aktiki ilipata joto la ghafla, na ule mzunguko wa upepo unaoifungia baridi isitoke kwao ukalegea. Wiki chache baadaye baridi ikaanza safari ya kusini. Bwana Barafu akapita Kanada, akaingia Marekani bila viza, bila kuchukuliwa alama za vidole, bila kuulizwa ana kiasi gani benki na anafikia kwa nani. Sisi tuliokaa miaka tukingoja barua moja tu ya uhamiaji tulimtazama kwa husuda kidogo. Yeye alitelemka moja kwa moja mpaka kwenye mpaka wa Mexico, na kaunti zote 254 za Texas zikawekwa chini ya tahadhari ya dhoruba kwa heshima yake. Dallas aliishusha hadi nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri. Houston, mji ambao watu huvaa kaptula mwezi wa pili, aliishusha hadi nyuzi 10 chini ya sifuri.

Wapinzani wake watasema kimbunga ni bora. Sikubali. Harvey wa Agosti 2017 alimwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua katika baadhi ya sehemu za kusini-mashariki mwa Texas, lakini alikuja na kelele, akaezua mapaa, akatangaza madhara yake hadharani. Bwana Barafu ni mtulivu. Anakuja kama mvua nyepesi isiyomtisha mtoto. Mvua hiyo hupita katika hewa baridi iliyolala karibu na ardhi, ikapoa kupita kiwango cha kuganda bila kuganda, kisha ikigusa lami, ngazi, tawi la mti au kioo cha gari, papo hapo inakuwa ganda gumu linalong'aa. Asubuhi unafungua mlango, unaiona dunia imepakwa vanishi. Unapiga hatua moja, na hiyo ya pili unaipiga kwa makalio.

Jambo la kwanza ninalomsifia ni kwamba aliturudishia vyeo. Wengi wetu tulipofika huku tuliambiwa kwamba uzoefu wetu wa nyumbani hauhesabiki. Shahada zikatupwa kando, mwalimu akawa mpanga bidhaa ghalani. Usiku mmoja wa ziara yake umeme ulikatika, na ghafla ujuzi usioandikwa kwenye cheti chochote ukapata soko. Nani ajuaye kuoga kwa nusu ndoo na kata moja? Sisi. Nani ajuaye kwamba ukisikia umeme unayumba, unajaza maji kila chombo chenye kitako? Sisi. Jirani yangu, mzee wa Kimarekani aliyestaafu uhandisi, alibisha hodi kuuliza choo kinasukumwaje kama hakuna maji bombani. Nikamweleza kwa upole wa profesa: ndoo, mbali kidogo, mwaga kwa mkupuo mmoja. Mama mmoja wa Kikongo wa ghorofa ya chini alikuwa amekwisha kutandika vitenge na mablanketi chumba kimoja, watoto wa nyumba tatu wamelala mzungu wa nne, na mlango umezibwa kwa taulo. Aliponiona nimesimama na theluji mkononi, nikiitafakari, akaniambia: "Papa, leta sufuria." Theluji iliyoyeyushwa kwenye sufuria inakatisha tamaa, maana hupungua mno, kilichojaa pomoni kinabaki maji ya kina cha kidole. Lakini ya chooni yalipatikana.

Pia alitupa friji. Ninajua alizizima za ndani, lakini ndipo palipo ukarimu wake: aliifanya Texas nzima kuwa friza moja kubwa, isiyohitaji umeme. Nyama ya mbuzi iliyonunuliwa kwa ajili ya shughuli ilitolewa nje, ikafukiwa kwenye theluji ya barazani, ikakaa salama kuliko ilivyowahi kukaa jikoni. Watu walikuwa wakitetemeka ndani kwa sababu hakuna umeme, na nyama imetulia nje kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nije kwenye mabomba, maana hapo ndipo anapolaumiwa zaidi, na hapo ndipo ninapomwona mwalimu. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia tisa. Aliyewahi kusahau chupa ya soda kwenye friza anaijua hesabu hiyo bila daftari. Nyumba za Texas zilijengwa kufukuza joto, si kuzuia baridi, na nyingi zimepitishiwa mabomba darini, mahali pasipo na kitu cha kuyapa joto. Bwana Barafu akapanda darini kimyakimya, akayajaza, akayapasua. Kisha tazama adabu yake: tundu alilolitoboa alikaa akiliziba yeye mwenyewe kwa mwili wake. Hakuna tone lililodondoka siku zote alizokuwapo. Ni siku alipoondoka, jua limetoka, watu wanapongezana, ndipo dari zikaanguka kwa kishindo na maji yakashuka sebuleni juu ya televisheni. Mgeni gani mwingine hungoja mpaka ameaga ndipo hasara yake ionekane?

Mafundi bomba waliheshimika wiki ile kuliko maimamu na wachungaji. Simu zao hazikupokelewa, na waliopokea walitaja siku za mwezi uliofuata. Aliyekuwa na fundi katika familia alimgundua upya. Mashemeji waliosahauliwa tangu harusini waliulizwa hali, wakaulizwa kama watoto hawajambo, kisha wakaulizwa kama bado wanalo lile sanduku la vifaa.

Lakini hizo ni kazi zake ndogo. Kazi yake kubwa ilikuwa ukaguzi.

Marekani bara ina gridi kuu tatu za umeme: ya mashariki, ya magharibi, na ya Texas. Texas ilichagua tangu zamani kukaa peke yake, umeme wake usivuke mpaka wa jimbo, ili wakubwa wa Washington wasiuingilie. Ni msimamo wa kiume, na katika joto la Julai unasikika vizuri. Bwana Barafu alikuwa amekwisha kuonya. Februari 2011 alipita kwa ziara fupi, umeme ukakatwa kwa mgao, na mwaka uleule wakaguzi wa serikali kuu wakaandika ripoti: kingeni mitambo na visima vya gesi dhidi ya baridi. Ushauri haukuwa amri. Ripoti ikapokelewa kwa shukrani na kuwekwa mahali ripoti zinapowekwa.

Miaka kumi baadaye akarudi kuona kama wamesoma. Visima vya gesi vikaganda, mitambo ya gesi ikakosa gesi, makaa ya mawe na upepo navyo vikayumba. Hata kinu kimoja cha nyuklia kilizimika kwa sababu bomba dogo la maji la kifaa cha kupimia liliganda. Gridi hupiga mapigo 60 kwa sekunde. Usiku wa kuamkia Februari 15, yakashuka hadi 59.3. Saa saba na dakika ishirini usiku, ERCOT, chombo kinachoisimamia gridi hiyo, kilitangaza dharura ya kiwango cha juu na kuanza kuwakatia watu umeme. Baadaye wasimamizi wenyewe walisema kwamba gridi yote ilibakiza dakika nne na sekunde 37 kuanguka, na ingeanguka, kuiinua kungechukua wiki au miezi. Na kwa nini wasiazime umeme kwa majirani? Kwa sababu nyaya za kuwaunganisha na majirani ni chache mno. El Paso, iliyo pembe ya magharibi ya jimbo, imefungwa kwenye gridi ya magharibi. Kule taa ziliwaka. Waliomkataa mkaguzi wa Washington walikaguliwa na asiyepokea bahasha.

Zaidi ya nyumba na biashara milioni nne na nusu zilikaa gizani. Walisema ni mgao wa kupokezana; sisi tunaojua mgao tukasubiri zamu yetu. Haikuja. Umeme uliokatwa ulibaki umekatwa siku na siku, maana hapakuwa na wa kuzungusha. Wakati huo, ukitazama upande wa katikati ya mji, maghorofa ya ofisi yasiyo na mtu yalimeremeta kama sikukuu. Nyaya zinazopeleka umeme hospitali ziliachwa bila kukatwa, na waliobahatika kuwa kwenye waya mmoja na hospitali au na mabenki walipika wali. Sijui ni kamati gani ingeweza kuandika kwa uwazi huo nani ana thamani gani mjini. Bwana Barafu aliandika kwa taa, ikasomeka hata kwa asiyejua kusoma.

Aliwakagua viongozi pia. Seneta Ted Cruz wa Texas alionekana uwanja wa ndege na begi lake akielekea Cancún, Mexico, kwenye jua. Kesho yake akarudi, kwa kuwa picha zilifika kabla yake. Meya wa mji mdogo wa Colorado City aliwaandikia wananchi kwamba hawamdai mtu chochote, kila mmoja ajitafutie njia, akajiuzulu. Na bei ya jumla ya umeme ikafika kikomo cha dola 9,000 kwa megawati-saa, hivi kwamba baadhi ya waliobaki na taa waliletewa bili za maelfu ya dola. Wengine tulilala gizani bure, hilo nalo tumshukuru.

Hata kasa walikaguliwa. Kule South Padre Island, kusini kabisa, maelfu ya kasa walipigwa ganzi na maji baridi wakaelea kama mbao. Watu waliokuwa hawana umeme majumbani mwao waliwabeba kwa magari na mashua, wakawapanga sakafuni katika ukumbi wa mikutano, kasa kwa kasa, ukuta hadi ukuta. Wengi wao ni kasa wa kijani, jamaa wa hao wanaotaga mchangani kule Watamu, pwani ya Kenya. Sikumbuki mkutano mwingine katika ukumbi wa aina hiyo uliofanya la maana zaidi.

Hapa ulimi wa kusifu unakwama, na ninauacha ukwame. Hesabu rasmi ya jimbo ni watu 246 waliokufa. Wengi wao waliuawa na baridi yenyewe, baadhi yao ndani ya nyumba zao, katika jimbo linalozalisha mafuta na gesi kuliko jimbo jingine lolote la Marekani. Wengine waliuawa na hewa ya sumu baada ya kuwasha gari gereji imefungwa, au kuingiza jiko la mkaa ndani. Sisi ndio tuliopaswa kulisema hilo kwa sauti, kwa kuwa kwenye baridi ya Iringa na Limuru hakuna asiyejua habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani isiamke. Tulijua kuoga kwa ndoo, na tuliringa kwalo. Hili la mkaa tulilijua pia, na wapo majirani ambao hawakuambiwa na mtu.

Juni 2021 gavana alitia saini sheria inayolazimisha mitambo ya umeme ikingwe dhidi ya baridi. Ripoti ya wataalamu ilikaa miaka kumi. Mgeni wa siku chache alipata sheria kwa miezi minne. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tulilichukua jembe wenyewe, kumkwangua ngazini, kwa sababu sepetu la theluji halikuwapo katika duka lolote. Waliokosa jembe walitumia trei ya kuokea mikate na chumvi ya mezani.

Na ajabu ni kwamba Barafu huyuhuyu akikaa Kibo, juu ya Kilimanjaro, watu hulipa dola nyingi na kutembea siku sita kwenda kumwona. Huko anaombolezwa, maana sehemu kubwa ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kuyeyuka. Akienda Texas analaaniwa. Mahitaji yake ni kupewa anwani sahihi tu.

Kwa hiyo msomaji uliye Houston, Dallas, San Antonio au popote pale ambapo baridi ni mgeni, usimsonye atakapotajwa. Baridi ikikaribia, acha bomba lidondoke tone kwa tone usiku, fungua milango ya kabati la chini ya sinki, na mkaa uubakize nje hata mkitetemeka. Lakini leo, kungali joto, nenda mbele ya nyumba yako karibu na mita ya maji. Kuna kifuniko. Kifunue, uitafute valvu kuu, uone kama bado inazunguka.