Sifa za Mtambo Unaotazama Mbele

Watu husifu vilivyo juu: mlingoti, tanga, bendera. Mimi leo nausifu ule wa chini, uliofungwa tumboni mwa boti ambako hata nahodha hauoni ila siku ya kupaka rangi: sona ya kutazama mbele. Sona ya kawaida, ya kupimia kina, hukwambia habari za mwamba ukiwa tayari juu yake. Hii ya mbele hukwambia mapema, na huo umapema wake ndio unaostahili kusifiwa.

Sauti hukimbia majini kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo uvivu si wake. Mtambo hutoa mlio, hungoja mwangwi, hupiga hesabu, kisha huchora. Mwaka 1914, miaka miwili baada ya Titanic kuzama, Reginald Fessenden alitumia mwangwi kama huo akiwa kwenye meli iitwayo Miami, karibu na Newfoundland, akaugundua mlima wa barafu uliokuwa mbali kiasi cha maili mbili. Maili mbili! Sisi na skrini zetu za rangi tunaingia Mkanda, ile njia nyembamba ya mikokoni kati ya kisiwa cha Manda na bara, maji yanakupwa, na tungeshukuru kuona urefu wa jahazi.

Maana mitambo mingi ya boti ndogo huona mbele mara nne hadi nane tu ya kina cha maji. Penye mita 20, mahali ambapo hakuna anayeihitaji, huona mbali kwa ukarimu. Penye mita 2 huona mita 8, ikibahatika 16. Boti inayokwenda kilomita 11 kwa saa hula mita tatu kila sekunde. Basi umepewa sekunde tatu hadi tano: hazitoshi kuisimamisha boti, lakini zatosha kupiga Bismillahi na kumtupia jicho baya aliyeshika usukani.

Na raha ya kuurekebisha mtambo je? Ukipandisha unyeti, skrini yote huwaka: samaki, jani la mkoko, mapovu ya boti iliyotangulia, kila kitu ni ukuta. Ukiushusha, bahari hutakata kama tangazo la hoteli, na fungu la mchanga, ambalo kwa ulaini na mteremko wake hurudisha mwangwi hafifu, hutoweka pamoja na uchafu. Kiwango cha katikati kipo, ila huhama kila maji yanapobadilika. Kuna pa kuchagua maji chumvi au maji baridi, kwa kuwa sauti huenda kasi zaidi kwenye chumvi. Tena kuna pa kuueleza mtambo sifuri ianzie wapi: usawa wa maji, pale ulipofungwa, au chini ya mkuku. Hapo ndipo pananifurahisha zaidi. Sifuri huwekwa na fundi, boti huendeshwa na mwingine, na kati yao hubaki nusu mita ya maji ambayo kila mmoja anadhani ni akiba yake.

Usisahau pia kwamba mtambo una heshima zake. Ukizidisha kasi, omo hunyanyuka nao hutazama juu, mapovu hupita chini ya tumbo, picha ikafa. Manahodha wameombwa na wake zao, mama zao na abiria wapunguze mwendo, wasisikie. Mtambo umewatuliza kwa kugoma tu.

Omoni hukaa kijana na upondo. Huuchoma majini, akaita: "Maji haba, nahodha!" Nahodha hugeukia skrini kwanza, aone kama inaafiki. Upondo hauna menyu wala toleo jipya, na mapovu hayaudanganyi, ndiyo sababu hakuna anayeuonyesha kwa wageni.

Lakini tuwe waadilifu. Boti ikishakwama, mashine ikazimwa, mapovu yakatulia na omo ikashuka, ndipo picha hutoka safi kuliko wakati wowote: fungu lote lililo mbele, na mteremko wake, na muda tele wa kulisoma mpaka maji yaanze kujaa.