Miguu Yangu na Madaktari wa Magomeni

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina madaktari wangapi, usiende kuhesabu hospitalini. Chechemea. Hutafika kituoni kabla hujaandikiwa dawa, na ukishapanda daladala, konda naye ana yake. Mimi nilikuwa nachechemea miguu yote miwili, jambo lililowapa watu shida kujua pole waielekeze upande gani.

Chanzo ni sensei, mwalimu wetu wa karate. Wiki ya mashindano, wakati wenzetu wanapunguza wingi wa mazoezi na kubakiza kasi tu ili mwili upumue, yeye aliamua kwamba mapaja yetu ni mepesi. Sensei kalelewa enzi ambazo kunywa maji katikati ya mazoezi kulihesabika udekaji. Na mtindo wetu, Goju-ryu, ule wa mzee Chojun Miyagi wa Okinawa, una mkao unaoitwa shiko-dachi: magoti nje, makalio chini, mgongo wima. Ukikaa hivyo kidogo, unawaheshimu Wajapani. Ukishushwa na kupandishwa humo jioni nzima, kisha ukaambiwa uruke kichura kuzunguka uwanja, unaanza kukumbuka kuwa hata bao ni mchezo, tena wenyewe huchezwa watu wamekaa.

Usiku ule nililala vizuri. Asubuhi nikaamka mzima, nikajisifu mbele ya mke wangu. Lakini maumivu ya namna hii yana tabia ya mgeni wa mkoani: anakwambia anakuja leo, unamsubiri stendi mpaka unakata tamaa, halafu anafika kesho yake usiku na magunia yake yote. Wanaoujua mwili wanasema kilele chake ni kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi. Yangu yalinikuta chooni.

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, cha wapangaji wote. Kushuka nilishuka, kwa dua. Paja lililochoka lina ubishi wake: ukipanda ngazi linanung'unika tu, ukishuka linapiga kelele, kwa kuwa wakati wa kushuka msuli unakaza huku unavutwa, na kuvutwa huko ndiko kulikouchanachana vijinyuzi vyake tangu mwanzo. Elimu nzuri sana, ila haikuninyanyua. Nje kulikuwa na mpangaji mwenzangu na ndoo yake, anakohoa kwa adabu. Baadaye akakohoa bila adabu. Mwishowe ikabidi nimwambie, "Jirani, niitie mke wangu," na hadi jua linazama nyumba nzima ilishakuwa na habari, kila chumba na simulizi yake.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyewahi. Alikuja na beseni la maji ya moto, chumvi, majani ya mwarobaini na kitambaa kizito.

"Shikamoo, mama. Si lazima—"

"Marahaba. Kaa hapo, baba. Nimekanda wazazi mtaa huu wote, utanishinda wewe?"

Nikakandwa kama mzazi, hatua kwa hatua, bila kurukwa hata moja. Alipofika tumboni nilimkumbusha kuwa tatizo ni mapaja. Akasema najua, tulia. Baada ya hapo ukaletwa uji wa pilipili manga, nao nikaunywa wote, kwa sababu mtu aliyevuliwa suruali na mama mwenye nyumba hana tena pa kubishia.

Fundi wa gereji iliyo jirani aliposikia habari ya maji ya moto alishika kichwa. "Kaka, umeharibu! Wachezaji wa Ulaya wote wanaingia kwenye barafu, nimeona kwenye simu." Hakudanganya. Maji ya nyuzi 10 hadi 15 kwa dakika kumi hivi hupunguza kidogo makali ya maumivu. Ila bomba letu halijapata kutoa maji ya namna hiyo tangu lifungwe, kwa hiyo fundi alimtuma kijana wa bodaboda soko la samaki la Feri akalete barafu. Barafu ya Feri haikuzaliwa kwa ajili ya wanariadha. Hii ilishakaa na jodari, ikakaa na changu, ndipo ikaja kukaa na mimi ndani ya pipa. Kuingia pipani ni kushuka, na habari ya kushuka tumeshaizungumza. Nilipokuwa ndani hadi kiunoni, meno yakigongana, paka wa Magomeni walianza kufika. Walikaa kulizunguka pipa kimya, kwa subira ya viumbe wanaojua kuwa chochote kilichomo humo mwisho wake kitatolewa.

Ili kuua shombo, mke wangu alinipaka mafuta ya karafuu, nikaenda msikitini kuswali Ishaa. Safu yote ilinuka. Mzee wa kulia kwangu, ndevu nyeupe kabisa, aliniuliza kwa huruma kama ni jino. Rukuu niliiweza. Kuinuka kutoka kwenye sijda ndiko kulikonishinda. Imamu alishasimama na kuanza kusoma, mimi bado naitafuta njia. Yule mzee, ambaye umri wake ni wa baba yangu mkubwa, akaninyanyua kwa kiwiko. Tulipotoa salamu akanigeukia: "Pole, mzee wangu."

Mzee wangu! Lakini alinishauri supu ya pweza, na katika dawa zote nilizopewa wiki ile, hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na maana, japo sababu alizonitajia zilihusu mambo mengine ya ndani ya nyumba. Pweza ni protini tupu, na nyuzi zilizochanika hushonwa kwa protini.

Kijana mmoja wa jimu naye alipita. Akaeleza kuwa asidi imeganda kwenye misuli na lazima ikamuliwe. Akaomba mti wa kusukumia chapati, akanisukuma mapaja mbele ya mke wangu, ambaye alitaka kujua kesho asubuhi chapati zisukumwe na nini. Asidi yenyewe, ile ya laktiki anayoisema, huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Yangu iliniaga tukiwa bado tunakunja mavazi yetu ya karate. Ningemwambia, lakini nilikuwa nimeuma mto.

Mama yangu akapiga simu kutoka Tanga. Nani alimwambia, sijui.

"Mwanangu, hukuruka kitu mlangoni? Hukukanyaga kitu?"

"Hapana, mama."

"Una maadui?"

"Mmoja tu. Simjui jina. Nakutana naye Jumamosi, uzito wa kilo 67."

Kimya kirefu. "Nitakusomea," akasema.

Mwishowe nikampigia dada yangu, muuguzi, nikitarajia dawa yenye jina refu. Alisikiliza, akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena. Akaniambia nilale usiku mzima, nile wali na samaki nishibe, nitembee polepole jioni damu izunguke, na mtu yeyote asiniguse.

"Basi?"

"Basi. Na kojo likigeuka rangi ya chai ya rangi, hospitali mara moja, usimngoje mtu."

Kojo lilikuwa salama. Shida ilikuwa kulala. Mgonjwa wa Uswahilini halali, anajuliwa hali. Watu walikuja na machungwa, wakaketi kitandani, yaani juu ya miguu yenyewe, na kila mmoja alibonyeza: "Hapa? Na hapa?" Nikisema aah, anabonyeza tena, ahakikishe. Nilipowaambia nimeshauriwa kupumzika, waliitikia kwa pamoja, "Ndiyo, pumzika," wakaongezewa chai. Nafuu niliipata Alhamisi, umeme ulipokatika na feni kunyamaza. Joto likawafukuza wote, nikalala kwa jasho saa kumi mfululizo.

Jumamosi miguu ilikuwa imepona. Ingepona hata ningeifungia kabatini, lakini nani angenielewa? Mama mwenye nyumba alikuja ukumbini na kanga mpya, fundi alifunga gereji, kijana wa jimu alibeba begi langu. Pambano la kwanza nilishinda, na jukwaani ukazuka mzozo. Nikiwa nainama kumshukuru mwamuzi, nilimsikia mama akiitangazia safu nzima, "Maji ya moto hayo!" na fundi akimjibu, "Maji ya moto gani, mama? Barafu!"

Pambano la pili yule wa kilo 67 alinipiga teke la shingo, safi, ippon, pointi 3 kwa mpigo mmoja. Kabla sijajua nimelala upande gani, barafu ilishageuka kuwa ndiyo iliyonipunguzia wepesi, na maji ya moto ndiyo yaliyonilegeza. Kijana wa jimu alisema yeye hakunigusa kabisa. Wakanishusha uwanjani wakinishika huku na huku, bado wanabishana, mpaka mama mwenye nyumba aliponigeuza uso kwa vidole viwili, akanikagua shingo, na kumwita mke wangu.

"Lile beseni," alisema, "mlilirudisha, au bado lipo kwenu?"