Kitanda cha Ssenga

Mdogo wangu alitaka kuhamia Nkozi na begi moja, godoro na jiko la mkaa. Alikuwa ndio kwanza ametoka chuo cha uuguzi. Jina lake lilishaingia kwenye daftari la Baraza la Wauguzi na Wakunga, leseni ameitia kwenye bahasha ya plastiki, na zahanati moja ya binafsi ilimtaka aripoti Jumatatu. Mshahara tusiuseme. Serikali iliwapandishia wahudumu wake wa afya mwaka 2022, lakini wenye zahanati waliisikia habari hiyo redioni tu, wakazima redio.

Ila kwetu Kibuli mtu hahami peke yake. Mama ni wa Tanga, Baba ni Muganda, na kila upande una desturi zake za kumtoa binti nyumbani. Baba alianza na historia. Hospitali ya Mengo, akasema, ilianzishwa na Albert Cook mwaka 1897. Mkewe Katharine akawafundisha ukunga wasichana wa nchi hii, na waliohitimu wakatumwa kwenye vituo vya uzazi vijijini, enzi ambazo hata barabara ilikuwa ya kubahatisha. Sasa Nkozi, kilomita 80 na ushee kwa lami, ni safari ya kuwaliza watu? Akarudi kwenye gazeti lake. Mchango wake wote ukaishia hapo.

Mama hakulia, alifungasha. Alitoa gunia la makaa, akatoa mbuzi ya kukunia nazi, kisha akaenda soko la Nakasero kutafuta nazi zenyewe, maana hakuamini kwamba mji wa mapadri una kitu cha kutia kwenye wali. Nilijaribu kumwambia kwamba makaa hutoka upande huo kuja Kampala, kwamba malori yote tunayoyaona yamesheheni magunia yanaingia mjini, hayatoki. Akaniambia mtoto wake hatalala njaa akingoja lori.

Aliyeharibu mambo hasa ni Ssenga, dada yake Baba. Kwa Waganda ssenga ndiye mwenye dhamana ya kumfunda binti mambo ya mume, na Ssenga wetu haamini kwamba mwanamke anaweza kuhama mji kwa ajili ya kazi tu. Kwake yeye ile ilikuwa harusi, imepungukiwa bwana. Akateremka kwa mafundi seremala wa Nsambya, wale wanaopanga vitanda na makochi kando ya barabara, akaagiza kitanda cha mvule, futi 6 kwa 6, ubao wa kichwani umechongwa maua. Sharti lake lilikuwa moja: kisilie. Kuta za mizigo, hivi vyumba vyetu kimoja kimoja vya kupanga, ni nyembamba, na majirani wana masikio. Fundi alimwelewa kupita kiasi. Pa kutia boliti alitia gundi, juu ya gundi akapigilia misumari ya inchi 4, na juu ya misumari akapaka vanishi. Kitanda kikawa kimya kabisa. Kikawa pia kitu kimoja kisichofunguka.

Siku kilipoletwa mdogo wangu alikizunguka, akauliza, "Ssenga, kitapita mlangoni?"

"Mwanamke mwenye adabu hakiulizi kitanda maswali," akajibiwa.

Jumamosi Mjomba, kaka yake Mama, akaazima pikapu. Kitanda kilipakiwa chali, miguu juu, na ndani yake tukapanga makaa, nazi, masufuria, ndoo na godoro. Ssenga alikaa huko nyuma akiushika ubao wa maua. Pale Katwe kwenye foleni bodaboda mmoja aligonga ubavu wa gari akauliza bibi harusi yuko wapi. Ssenga akamwonyesha kwa kidole. Bibi harusi alikuwa mbele, kati yangu na Mjomba, anarudia kimoyomoyo vipimo vya dawa za watoto.

Tulipofika Busega askari wa barabarani akatusimamisha, maana kitanda kilichomoza nyuma kwa kiasi cha kutisha. Nchini Uganda Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likataka kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini mitaani watu bado wanakihesabu kuwa cha askari na wanajeshi. Mjomba aliposhusha kioo na kusema, "Pole na kazi, afande, jua kali hili," kwa lafudhi ya Tanga isiyo na haraka, yule kijana alisimama wima. Nadhani alidhani ni mkubwa fulani aliyevaa kiraia. Akatuambia tufunge kitambaa chekundu nyuma, basi. Ssenga alitoa mtandio wake kwa kinyongo.

Mpambire tulipita ngoma zimepangwa kandokando, kubwa kwa ndogo, na Ssenga akagonga kioo tusimame anunue moja. Tukajifanya hatusikii. Kayabwe ilibidi tusimame, kwa sababu Mjomba hajawahi kuvuka Ikweta kwa miguu. Pale kuna vijana wenye mabeseni ya matundu wanaoonyesha maji yakizunguka huku kulia, huku kushoto, na katikati yakishuka moja kwa moja. Muuguzi wetu alimtazama mkono mwonyeshaji, hakuyatazama maji, kisha akaninong'oneza kwamba yanazunguka kufuata yanavyomiminwa. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kushika beseni dogo namna ile. Mjomba alilipa hata hivyo, akapiga na picha.

Nkozi ni chuo kwanza, mji baadaye. Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kilifunguliwa pale mwaka 1993 na maaskofu wa Kikatoliki, ipo na hospitali, na vilivyobaki ni maduka na vibanda vinavyoishi kwa mifuko ya wanafunzi. Wanafunzi wakienda likizo, hata muuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, anapunguza mayai.

Chumba kilikuwa safi, futi 10 kwa 10. Mlango ulikuwa futi 2 na nusu, dirisha lina vyuma. Tulikijaribu kitanda kwa ubavu, tukakijaribu kwa kichwa, tukakisimamisha. Wanafunzi wakajaa. Mmoja aliyesema anasomea ujenzi alishauri fremu ya mlango ing'olewe. Mwenye nyumba akasema ataanza kung'olewa yeye. Mama, kwa simu, akaamuru kibaki uani kifunikwe turubai hadi Baba apate la kufanya. Wingu lilikuwa limeshafunga upande wa ziwa.

"Kikatwe," alisema mdogo wangu.

Sijawahi kuisikia sauti ile nyumbani. Haikuwa kubwa, wala haikungoja jibu. Bila shaka wanafundishwa wodini.

Seremala aliyepatikana jioni ile alikuwa mchonga majeneza. Alikipima kitanda kwa jicho, akaanza kwenye maua. Msumeno ukawa unakwaruza msumari, anachomoa, anasogea nukta mbili, anaanza tena. Unga wa mvule unawasha puani; Ssenga alipiga chafya mpaka akashindwa kulaumu. Kitanda kikatoka vipande viwili vya futi 3, kila kimoja kikiwa hakina ubavu mmoja. Fundi akaenda zake, akarudi na mbao mbili nyeupe za mkalitusi zilizokwisha kurandwa, akazipigilia. Godoro tulilipasua kwa kisu cha mkate.

Ssenga alizitambua zile mbao. "Sisi Waislamu hatuzikwi kwenye sanduku," akasema, "halafu wewe unanilaza juu yake ningali hai?" Lakini mvua ilishaanza, naye akalala. Kitanda kililia usiku kucha.

Asubuhi mlango ukagongwa. "Musawo! Musawo!" Ndivyo Waganda wanavyomwita mhudumu wa afya. Mama mmoja na mtoto mwenye homa, nyuma yake mzee anayetaka sindano ya kiuno. Mdogo wangu alimgusa mtoto, akamkagua macho na kupumua kwake, akavaa viatu ampeleke zahanati akapimwe malaria. Mzee akaambiwa sindano hazichomwi mlangoni.

"Unafukuza riziki," Ssenga akamwambia.

"Ssenga, leseni yangu ni ya kufanya kazi zahanati. Nikichoma mtu hapa barazani, wiki ijayo tunapakia pikapu tena."

Kupakia tena hakukumvutia. Kufikia adhuhuri Ssenga alikuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiuliza kila ajaye anaumwa nini, tangu lini, na kama ameoa, kisha anamwelekeza zahanati.

Jumapili jioni Mama alipiga simu kutaka kujua tunarudi lini. Nikamwambia mimi na Mjomba tunaondoka sasa hivi, Ssenga amekataa. Anasema vitanda viko viwili, na haiwezekani cha pili kilale peke yake. Mama akaguna. Akauliza gunia la makaa huko linauzwaje. Nilipomtajia, akaniagiza nirudi na mawili, nisisahau na ile mbuzi ya nazi, kwa sababu tangu jana hana cha kukunia.