Mnyanya Wangu na Madaktari Wake

Hapa Kabongo, Kongo, mtu akishikwa na malaria, majirani humtumia pole kupitia mtoto anayepita njiani. Lakini acha jani moja tu la mnyanya wako ligeuke njano, ndipo utajua kwamba umezungukwa na wataalamu. Wanaingia uani bila hodi, wanainama, wanalishika jani kwa vidole viwili, wanaguna. Kisha wanakugeukia na kukutazama kwa jicho la hakimu.

Sikuingia kwenye kilimo kwa mapenzi. Niliingizwa na bei. Mvua zikishaanza mwezi wa Oktoba, nyanya sokoni huadimika, kwa sababu mvua hiyo hiyo inayotupa mahindi huozesha nyanya shambani. Zile chache zinazofika zimesafiri kwenye baiskeli juu ya barabara ya matope, na zinapopangwa mafungu unaona wazi kwamba zimepigana njiani. Reli ya Kamina kwenda Kabalo inapita hapa hapa kwetu, lakini nyanya haina subira ya abiria wa treni. Inabaki nyanya ya mkebe, inayopimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye kipande cha plastiki. Ukimtazama muuzaji anavyokwangua kijiko kile kwa kisu ili kisibebe ziada, utapanda nyanya hata juu ya paa.

Basi nikatafuta bidoni mbili za njano, nikazikata midomo, nikatoboa matako yake kwa msumari wa moto, nikajaza udongo na mavi ya mbuzi yaliyokwisha kukauka. Nikaziweka upenuni, upande unaopata jua la asubuhi. Upenuni kwa makusudi: nilikuwa nimeambiwa kwamba matone ya mvua yanapopiga chini hurusha udongo kwenye majani ya nyanya, na udongo huo hubeba ukungu unaoleta madoa na kuyakausha. Mvua inyeshe kule, mnyanya ukae huku. Huo ndio ulikuwa mpango, na haukuwa na kosa lolote.

Mnyanya wa kwanza ulilala siku moja mchana na haukuamka. Wa pili ukaanza kunyauka: majani ya chini njano, ya juu yameinama, shina limelegea. Hapo kliniki ikafunguliwa.

Wa kwanza kufika alikuwa mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili. Aliutazama kupitia miwani, akasema, “Papa, huu una kiu.” Akafuata mama muuza samaki, ambaye kwake kila ugonjwa wa mmea dawa yake ni majivu ya jikoni. Majivu yana faida zake, yana potasi na chokaa, lakini mama huyu alimwaga ungo mzima, bidoni ikabaki nyeupe. Kijana mmoja aliyewahi kumbebea mifuko mtaalamu wa kilimo, na tangu hapo anaitwa Agronomu, alitangaza kwamba kinachokosekana ni azoti, akaniandikia urea kwenye karatasi, na sahihi chini. Dereva wa pikipiki akapendekeza soda. Nilipomuuliza soda itasaidia nini, alijibu kwamba yeye mwenyewe akichoka hunywa soda.

Halafu akaja Kambo, mzee wa mtaa, na huyo huwezi kumwambia asiguse. Kambo husokota tumbaku yake mwenyewe, na vidole vyake vimekuwa vya rangi hiyo. Aliyapapasa majani yote, moja moja, kwa upendo wa kweli. Mimi nilikuwa nasaga meno. Nyanya na tumbaku ni ukoo mmoja, pamoja na pilipili, bilingani na kiazi mviringo, na kama ilivyo desturi ya ndugu, huambukizana. Kuna ugonjwa wa batobato ya tumbaku ambao Mholanzi Martinus Beijerinck aliuchunguza mwaka 1898, akakuta kinachouleta kinapenya hata kwenye kichujio kinachozuia bakteria, akakiita virusi. Virusi hivyo hukaa hata ndani ya tumbaku iliyokauka, na kutoka kwenye vidole vya mvutaji huhamia kwenye mnyanya. Sasa mwambie Kambo kwamba Mholanzi amesema anawe mikono kwa sabuni kabla ya kusalimia mboga. Utaitiwa kikao cha familia.

Polisi naye hakukosa. Mtu alikuwa amemnong’oneza kwamba nyuma ya jiko langu kuna mmea unaotembelewa na watu wengi, tena unafichwa mvua. Alikuja amekaza mkanda, akachuma jani, akalisugua, akalinusa, kisha sura ikamwanguka. “Nyanya tu?” Nikamjibu ndiyo, mkubwa, nyanya tu. Alinitazama kwa huruma, akasema bangi isingenisumbua hivi, ile huota yenyewe hata mahali pasipo na mtu wa kuitunza. Sheria inaikataza, ndiyo maana haina mshauri, na pengine ndiyo maana inastawi. Kabla ya kuondoka, afisa wa serikali alinishauri niongeze maji.

Tukiwa kwenye hiyo bangi, wenzetu wa Kasai waliwahi kuwa na utaratibu ambao nautamani. Wasafiri Wajerumani Pogge na Wissmann walipofika kwa Bashilange mwaka 1881, walimkuta chifu Kalamba Mukenge na watu wake wakijiita Bena Diamba, wana wa bangi. Walikuwa wamechoma hirizi za zamani na kuifanya bangi ibada ya amani. Mkosaji aliadhibiwa kwa kuvutishwa hiyo hiyo bangi mpaka azimie. Cha ibada ndicho hicho cha adhabu! Mimi nikipewa uchifu kwa wiki moja tu, kila anayemwagilia mmea wa mwenzake bila ruhusa atakunywa bidoni nzima mbele ya watu.

Maana tatizo lilikuwa hilo. Aliyeligundua ni mama mmoja anayelima mboga bondeni, lengalenga na matembele, na ambaye alikuja kwa shughuli nyingine kabisa: alikuwa anadai pesa zake za sombe, majani ya muhogo. Hakuguna. Hakushika jani. Alichomeka kidole kwenye udongo mpaka fundo la pili, akakitoa, akakinusa, akanipa nami ninuse. Harufu ya kinamasi.

“Papa, huu unanyweshwa na nani?”

Nikasema na mimi, asubuhi. Mke wangu kutoka jikoni akasema na yeye pia, kwa maji ya kuoshea mchele. Mtoto akasema akirudi shule humalizia chupa yake pale. Mlinzi wa jirani akasema usiku huusikia mnyanya ukilalamika. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa amesimama uani kwa sababu husimama uani siku zote, alikohoa na kusema kwamba mvua ikinyesha na yeye akauona ule mmea mkavu pale upenuni, dhamiri humsuta. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye huruma katika mtaa huu.

Mama wa bondeni alitaka kwanza kuhakikisha kwamba si mnyauko wa bakteria, kwa sababu huo hauna dawa, unang’oa na kuchoma. Alikata kipande cha shina la ule mnyanya uliokufa, karibu na mzizi, akakining’iniza ndani ya glasi ya maji safi, akatuamuru tusisogee. Kama ni bakteria, alisema, uzi mweupe wa maziwa utashuka kutoka kwenye shina. Tulikaa tumeikodolea macho glasi ile, daktari na wauguzi wote, na hata Agronomu alinyamaza. Maji yalibaki maangavu. Marehemu hakuuawa na bakteria. Alizamishwa.

Mizizi nayo hupumua, alieleza, huku akihesabu noti zake za sombe. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka, mizizi inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kuvuta maji hata ukiwa ndani ya mto. Ndiyo maana mmea uliozama hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, na ndiyo maana watu wema huuona umelala, wakauongezea maji. Alipoinua bidoni tulikuta matundu yangu yote yamezibwa kwa plastiki kutoka chini. Mtu alikuwa ameona maji “yanapotea”. Mpaka leo hakuna aliyejitokeza.

Dawa yake ilikuwa fupi. Plastiki iliondolewa, bidoni ikawekwa juu ya mawe mawili ili ichuruzike, majani ya njano yakakatwa, mti ukategemezwa kwa kijiti. Majivu yalikwanguliwa. Udongo uliongezwa hadi shina likafukiwa nusu, kwa sababu mnyanya una kipaji ambacho mimea mingi haina: shina lake likifukiwa hutoa mizizi mipya. Baada ya hapo, alisema, msifanye kitu mpaka udongo ukauke kidole kizima. Msifanye kitu. Nikamwambia kwa Kiluba wafwako, asante, mama, akaenda zake.

Kutofanya kitu ndiko kulikonitoa jasho. Watu wa pwani husema manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi hatuna bahari, lakini manahodha tunao. Niliandika kwenye ubao MARUFUKU KUMWAGILIA HAPA, kwa herufi zile zile zinazotumika ukutani kukataza kukojoa. Mtaa ukasema nimekuwa na roho mbaya, naunyima mmea maji. Shefu wa mtaa akaitwa. Alikuja, akakaribishwa kiti na glasi ya maji, akasikiliza pande zote mbili, akaamua kwamba mnyanya ni wangu na uachwe. Kisha akasimama, akanywa nusu ya glasi, na nusu iliyobaki akaimwaga bidonini.

Wazee wetu husimulia kwamba Mbidi Kiluwe, yule mwindaji aliyetoka mashariki na kumzaa mfalme Kalala Ilunga, ndiye aliyeleta adabu za kifalme katika nchi ya Baluba, na mojawapo ni kula faraghani. Namheshimu sana. Ila angekaa kidogo zaidi, atufundishe na kunywesha faraghani.

Na si kwamba nakataa msaada. Miaka ya 1970 kidung’ata, yule mdudu wa unga mweupe, alianza kuumaliza muhogo wetu katika iliyokuwa Zaire, akasambaa Afrika. Mswisi Hans Herren na wenzake hawakuanza kwa kumwagilia. Walitafuta kwanza mdudu ametoka wapi, wakamfuata hadi Amerika ya Kusini alikotoka muhogo wenyewe. Mwaka 1981 kidung’ata alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga ndani yake na kumuua. Nyigu akaletwa, muhogo ukapona, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Sombe tunayokula leo ina deni kwa mdudu ambaye hakutoa ushauri hata mmoja.

Mnyanya wangu ulipona. Ulitoa maua, ukazaa. Siku ya kuvuna wote walikuja. Mama muuza samaki alichukua mbili, kwa ajili ya majivu. Mwalimu alichukua za dhamiri. Agronomu aliniletea nakala ya ile karatasi ya urea. Polisi alichukua moja kama kielelezo. Mama wa bondeni peke yake hakuja. Alituma mtoto aulize kama nitanunua sombe.

Sasa nafikiria kupanda pilipili. Mbegu bado zimefungwa kwenye kikaratasi kabatini, na tayari nimekuta kikaratasi kimelowa.